Staa Kacheka "Tivii ya Bibi", Lakini Ndiyo Iliyomtoa Kyerwa

Ile klipu wengi mmeiona. Sekunde 19 tu: dada wa mjini, mwenye wafuasi kibao, jina kapuni, kasimama pembeni ya barabara ya vumbi na helmeti yake mkononi. Kamera inashuka taratibu mpaka kwenye usukani wa Boxer iliyochoka. Pale kwenye usukani kuna kidude kinene, cheusi, kioo kimekwaruzika, kimefungwa kwa mpira wa tyubu. "Jamani," anasema kwa ile sauti yake, "kaka anatumia tivii ya bibi yake kutafuta njia." Kicheko. Klipu imeisha.

Huko chini kwenye komenti watu wakafanya yao. Kuna waliouliza kama inashika taarifa ya habari ya saa mbili. Kuna waliosema mikoani bado wako mwaka 47. Mwenye pikipiki hakutajwa jina, ila sura yake ilionekana vizuri, na Karagwe sio Dar. Kule mtu akionekana sekunde mbili kwenye simu ya mwenzake, kufika jioni Kayanga nzima inajua ni nani, anapaki wapi na kaoa kwa nani.

Sasa kuna mambo ambayo klipu haikuonyesha, na hayo ndiyo yenye maana.

Kwanza ieleweke ni GPS gani inayozungumzwa. Ukitaja GPS ya pikipiki mjini, akili ya mtu inakwenda kwenye ile ya mkopo: kidude kinachofichwa chini ya siti ili bosi ajue chombo kilipo, na ukichelewesha marejesho pikipiki inazimwa kwa mbali na abiria wako mgongoni. Sio hiyo. Hii ni ya kumwonyesha dereva njia. Ni Garmin zumo 660, toleo la mwaka 2009, kioo cha inchi 4.3, imetengenezwa kwa ajili ya pikipiki. Mvua haiingii ndani, kioo kinakubali kidole chenye glavu, betri inatoka na kubadilishwa, na ina tundu la memori kadi ndogo. Kaka wa watu aliipata mwaka 2016 kwa mgeni aliyekuwa anatokea Uganda kupitia Murongo na pikipiki yake kubwa, ikamfia njiani. Alimvuta, akamtafutia fundi, akakaa naye siku mbili. Mgeni alipoondoka akamwachia kile kifaa kama shukrani.

Hakikumsaidia lolote mwaka mzima. Hapa ndipo wengi wanaonunua vifaa hivi mitumba wanapokwama, kisha wanasema "GPS za zamani ni takataka". Kilikuja na ramani ya Ulaya. Ukikiwasha Omurushaka kilikuwa kinaonyesha pikipiki inaelea kwenye uwanda mtupu wa rangi ya maziwa, barabara kuu moja imepita mbali kama kamba ya kuanikia nguo. Setelaiti zilikuwa zinamwona vizuri tu, ila kifaa hakikuwa na chochote cha kumwambia kuhusu mahali alipo.

Hiyo ni habari ya kwanza ambayo vijana wa mjini wanaichanganya. GPS yenyewe haizeeki kirahisi. Setelaiti za Marekani zinazofanya kazi ziko takribani 31, zinazunguka, zinatuma saa na mahali zilipo, na chombo cha mwaka 2009 kinazisikia kama cha mwaka huu. Tena usahihi wa kiraia ulishakuwa mzuri tangu Mei 2000, Wamarekani walipoacha kuharibu makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia. Kinachozeeka ni ramani iliyo ndani. Ramani ni kama maziwa, ina tarehe yake.

Na kwa Karagwe na Kyerwa tarehe hiyo inaisha haraka kuliko mtu anavyodhani. Kyerwa kuwa wilaya ni mambo ya 2012, kabla ya hapo kote kulikuwa Karagwe. Kwa hiyo ramani ya kabla ya mwaka huo haina wilaya nzima. Mwaka 2019 mapori ya akiba yakapandishwa kuwa hifadhi za taifa, ndiyo hizi Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato. Kipande cha Kyaka kwenda Bugene ambacho wazee wanakikumbuka kwa vumbi na migongo kuuma, sasa ni lami. Mwaka 2022 ikapita operesheni ya anwani za makazi, vibao vikasimamishwa, njia ambazo hazijawahi kuwa na jina zikapewa. Ingawa hapa kuna utani wake: mwulize bodaboda yeyote wa Kayanga jina la mtaa lililoandikwa kwenye kibao, atakuuliza "unamaanisha pale kwa mama wa vitenge?"

Aliyemfufulia kile kifaa sio fundi pikipiki. Ni dada mmoja mwenye stesheneri pale Kayanga, anayepiga fotokopi, anachapa barua za maombi ya kazi, anajaza fomu za vyuo. Kaka alikwenda kwake mwaka 2017 kutoa nakala ya leseni, kidude kikiwa shingoni kama hirizi. Dada akakiangalia, akauliza, "Hiki kinaingia kwenye kompyuta?" Basi.

Alichofanya dada yule yeyote mwenye kompyuta anaweza kukifanya, ndiyo maana inafaa kusimuliwa kwa kirefu. Aliingia mtandaoni akapakua ramani zinazotokana na OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo watu wa kawaida wanaichora wenyewe, bure, na kuna tovuti zinazotengeneza mafaili yake yakakubali kwenye Garmin. Akachukua Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi kwa mpigo. Faili hilo linapaswa kuitwa gmapsupp.img, likae ndani ya folda inayoitwa Garmin kwenye memori kadi. Vifaa vya zamani vina usumbufu wao. Ukibadilisha herufi moja kwenye jina hilo kifaa kinakaa kimya kama mkwe ugenini. Kadi nayo isiwe kubwa mno, ya GB 8 inatosha na kubaki, na iwe imepangwa kwa mfumo wa FAT32. Ukimpa kadi ya GB 128 uliyoinunua kwa mbwembwe, haioni kitu.

Kabla ya yote hayo alifanya jambo moja ambalo mafundi wengi wa simu hawafanyi. Alikopi kila kitu kilichokuwa ndani ya kifaa akakiweka kwenye kompyuta yake. Kila kitu. Kaka aliona anapoteza muda. Miaka kadhaa baadaye ndiyo alimwelewa.

Ramani ikaingia. Kikawaka, na pale palipokuwa peupe pakajaa: Kayanga, Nyakahanga, Nyaishozi, Kihanga, halafu juu kule Nkwenda, Kaisho mpaka Murongo, na njia ndogondogo nyingi kama mishipa ya jani la mgomba. Sio zote. Kuna vijiji vilikuwa nukta tu bila njia ya kufika. Lakini ilikuwa ni nchi.

Bado kikamgomea. Kila akitafuta njia ya kwenda Kyerwa kinamjibu hakuna njia, au kinamzungusha mizunguko ya ajabu. Ikachukua siku tatu kugundua kwamba mwenye nacho wa kwanza, Mzungu wa watu, alikuwa ameweka tiki kwenye mpangilio wa kukwepa barabara zisizo na lami. Kwa Ulaya ni busara. Kwa Kyerwa ni sawa na kusema usiende popote.

Na kuna hili la ikweta, ambalo kijiweni walilicheka mwaka mzima. Karagwe iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na nusu hivi. Kifaa kilichotoka Ulaya kimezoea herufi N, ya kaskazini. Ukiingiza namba za Kayanga ukasahau kugeuza iwe S, kinakupeleka digrii zilezile upande wa pili wa ikweta, kule Uganda, jirani na Hoima na Ziwa Albert. Mteja wa kwanza wa mbali aliyempa kaka namba za mahali, wakati wa kuondoka kifaa kikasema safari ni ya siku nzima na kuvuka mpaka. Mteja alikuwa anakwenda Ihembe.

Kutoka hapo kikaanza kumlipa. Sio kwa abiria wa kawaida, abiria wa kawaida anajua kwao. Kilimlipa kwa wageni: watu wa miradi wanaotaka kufika kwenye mashamba ya kahawa ndanindani, wapiga picha, vijana wa usafirishaji wa vifurushi, na hawa wa siku hizi wanaokuja kufanya video. Kila alipofika palipokuwa hapamo kwenye ramani alibonyeza kuhifadhi. Zahanati, ghala la chama cha msingi, kisima, mteremko ambao mvua ikinyesha haupandiki, nyumba ya mzee anayeuza petroli kwenye chupa. Zaidi ya sehemu 400 kwa miaka sita. Mtu akiuliza utajiri wa bodaboda uko wapi, huyu wake ulikuwa humo.

Sasa ndiyo anakuja staa wa klipu.

Makubaliano yalikuwa 160,000 kwa siku mbili, mafuta juu ya wageni. Wao watatu na pikipiki zao kubwa zinazong'aa, yeye mbele na Boxer. Siku ya kwanza maji moto ya Mtagata, siku ya pili Murongo, wapate picha ya mto Kagera na Uganda ng'ambo. Nusu ya hela ililipwa kabla ya safari.

Klipu ilirekodiwa asubuhi ya siku ya kwanza. Mchana wa siku hiyohiyo ndipo lilipotokea la kutokea, na hapa inabidi haki itendeke: kaka alikosea. Kifaa kiliwapeleka kwenye bonde kwa njia fupi, wakateremka kilomita kadhaa kwenye matope, wakakuta daraja la miti halipo. Limekwenda na maji misimu miwili nyuma. Barabara ilishahamishiwa juu ya mlima, imechongwa vizuri na karavati mpya. Pikipiki zenye uzito ule kuzigeuza kwenye matope sio mchezo. Saa mbili zikapotea, mwanga mzuri wa picha ukapotea, mwenzake staa mmoja akaanguka akakwaruza tanki.

Kosa sio la kidude kuwa cha zamani. Ramani iliyokuwa ndani ilikuwa ileile ya 2017. Haikuguswa tangu siku ile ya stesheneri. Daraja lililokufa lilikuwa hai humo, na barabara mpya haikuwemo. Angepita Kayanga wiki moja kabla, akabadilishiwa faili kwa 5,000, huenda wangepita juu. Naye mwenyewe alikuwa mwenyeji wa Omurushaka, sio mwenyeji wa kila bonde la Kyerwa, ndiyo maana alikuwa na kifaa. Mtu anayelipwa kwa ajili ya kifaa chake halafu hakitunzi, hana cha kujitetea siku hiyo. Wale wanaomtetea mitandaoni kwa kusema "mnyonge kaonewa" wanakiruka kipande hiki, na hawamsaidii.

Staa kukasirika alikuwa na haki. Alichofanya kesho yake ndicho hakina haki.

Siku ya pili waliamua kumweka kaka nyuma na kufuata simu. Simu ya bei mbaya, imefungwa kwenye usukani, kioo kinang'aa. Hadi Nkwenda mambo safi. Baada ya hapo kila kitu kikaja kwa pamoja kama wageni wa msiba. Ramani ya simu ilikuwa inategemea bando, na mtandao kule kwenye vilima ni wa kubahatisha. Walipoelekea upande unaotazama Rwanda, simu ikadaka mnara wa ng'ambo. Rwanda wako nyuma kwa saa moja, kwa hiyo saa ya simu ikarudi nyuma yenyewe, wakadhani wana muda kumbe jua linakwenda. Laini ya nyumbani kwenye mnara wa jirani, bando halisomi. Kisha mvua. Kagera mvua haiombi ruhusa. Kioo cha simu kikilowa kinajibonyeza chenyewe, matone yanafungua programu ambazo hukuzitaka. Na jambo la mwisho ambalo wapenda pikipiki kubwa wangefaa kulijua: kamera ya simu yake ilianza kutetemeka, picha haitulii tena. Mwezi Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kile kifaa kidogo ndani ya kamera kinachotuliza picha, wakashauri simu isifungwe moja kwa moja kwenye usukani. Aliyetaka video ya mto Kagera akafika mtoni na kamera inayocheza sindimba.

Nani aliwatoa? Kaka akapita mbele, glavu zake za kazi zimelowa chapachapa, akabonyeza kile kioo kilichokwaruzika, akachagua sehemu aliyoihifadhi mwenyewe mwaka 2019, zahanati iliyo karibu na barabara kuu. Sehemu hiyo haikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote duniani isipokuwa yake. Wakafuata taa yake ya nyuma mpaka wakatokea barabarani, giza limeshaingia.

Hiyo haikurekodiwa.

Jioni ile staa akasema hatamlipa nusu iliyobaki kwa sababu ya daraja la jana. Kaka hakubishana. Wenzake wanasema alijibu tu, "Sawa dada, safari njema." Siku mbili baadaye klipu ya tivii ya bibi ikapanda, na wateja wawili waliokuwa wamepanga naye kwa mwezi uliofuata wakapiga simu kusema wamepata mwingine. Mmoja alimwambia wazi kwamba wanataka mtu mwenye vifaa vya kisasa.

Hapo sasa ndipo maoni ya watu yanapogawanyika. Wapo wanaosema dada alitania tu, klipu ni burudani, asiyetaka kuchekwa asitoke ndani. Hoja hiyo ingesimama kama angemcheka mtu asiyemdai. Huwezi kumkata mtu 80,000, halafu ukamgeuza kiki, halafu video hiyohiyo ikakuingizia watazamaji. Hiyo sio burudani, hiyo ni kula mara mbili kwenye sahani ya mwenzako. Kama daraja lilimuuma, angekata kiasi cha saa zilizopotea, wakaelewana, yakaisha. Saa mbili kati ya siku mbili sio nusu ya kazi kwa hesabu ya shule yoyote.

Wapo pia wanaosema kaka anunue simu janja nzuri, akae na wakati. Hawa wana kaukweli kadogo. Simu yenye programu ya ramani inayofanya kazi bila bando, kwa mfano Organic Maps, inatumia data ileile ya OpenStreetMap na inasasishwa kwa kubonyeza mara moja. Kwa mtu anayeanza leo na hana kifaa, asihangaike kutafuta zumo ya mwaka 2009. Lakini kwa aliye nacho tayari, hesabu ni nyingine. Simu yake ndiyo benki yake, ndiyo mteja anayompigia, ndiyo picha za watoto wake. Kuifunga kwenye usukani wa Boxer, kwenye mvua na mtetemo, siku nzima, ili ikuonyeshe njia, ni kuuza ng'ombe kwa ajili ya kamba yake. Kidude cha zamani kikidondoka kwenye mawe umepoteza kidude.

Baada ya klipu, kaka alitaka kukiuza kwa wanunua vyuma chakavu. Aliyemzuia ni yule dada wa stesheneri, na kwa maneno ya wanaowafahamu, hakumbembeleza. Alimwambia kifaa kimechekwa kwa sababu ya uvivu wake. Kisha akakaa nacho mchana mzima.

Walianza na waya. Fundi wa kwanza alikuwa amechukua umeme kwenye waya wa taa ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inakula moja kwa moja kwenye mashine, umeme unapanda na kushuka kila ukivuta mafuta, ndiyo maana usiku mwanga unacheza. Chombo cha kisasa kukilisha umeme wa namna hiyo ni kukinywesha chai ya moto na barafu kwa zamu. Ukahamishiwa kwenye betri, ukawekwa na fyuzi ndogo. Betri ya ndani ya kifaa ilikuwa imevimba, ikatupwa. Sasa kinategemea umeme wa pikipiki, kikizimwa kimezimwa. Vile vipini vya shaba kwenye kishikio vilikuwa na ukungu wa kijani, vikasuguliwa kwa mswaki wa zamani na spiriti.

Ikafuata programu yenyewe ya kifaa. Vifaa vya zamani vya GPS vinahesabu wiki, na namba ya wiki kwenye mawimbi inaishia 1,023 kisha inarudi sifuri. Ilirudi usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili 2019, kama ilivyorudi Agosti 1999, na itarudi tena Novemba 2038. Kifaa ambacho programu yake haikuguswa kinaweza kukwambia leo ni karibu miaka 20 iliyopita, kisha ukashangaa kwa nini muda wa kufika haueleweki na setelaiti inazitafuta dakika kumi. Ndiyo maana inafaa kutafuta toleo la mwisho lililotolewa na mtengenezaji na kuliweka, kwa kompyuta yenye chaji ya kutosha, umeme ukikatika katikati usije ukabaki na jiwe.

Halafu zile sehemu 400. Wakati wa kuweka programu, zilifutika. Kaka alikaa kwenye benchi pale nje akashika kichwa. Dada akafungua folda yake, zile za mwanzo zilikuwepo tangu 2017, na nyingine alizikopi kila kaka alipopita kutoa fotokopi, bila hata kumwambia. Zilirudi zote isipokuwa za miezi minne ya mwisho. Hizo nne atazizungukia.

Faili jipya la ramani likaingia mwisho. Barabara ya juu ya mlima ilikuwemo, mtu asiyejulikana alikuwa ameshaichora. Daraja la miti bado lilikuwepo.

Hapo ndipo walipofanya kitu ambacho watu wenye simu za milioni mbili hawajawahi kukifanya kwa ajili ya Kyerwa. Kifaa kile kinaweka kumbukumbu ya kila kilipopita, kwenye faili la GPX. Dada akafungua akaunti ya OpenStreetMap, akaiweka njia ya kaka juu ya picha ya anga, akaliondoa daraja, akaongeza ile zahanati, kisha njia tatu za mashambani zilizokuwa hazimo. Sio wa kwanza nchini. Dar es Salaam kulikuwa na Ramani Huria, vijijini kumekuwa na Crowd2Map tangu 2015, watu wa nje na ndani wakichora vijiji ambavyo hakuna kampuni iliona faida ya kuvichora. Ila kwa bonde lile, aliyelifuta daraja lililokufa ni bodaboda na mpiga fotokopi. Mtu yeyote atakayepakua ramani hiyo siku zijazo, awe na simu ya staa au kidude cha bibi, hatateremka kwenye yale matope.

Karagwe sio mgeni wa mambo haya pia. Novemba 1861 Mukama Rumanyika aliwapokea Speke na Grant waliokuja na vyombo vyao vya kupimia jua na saa za mfukoni wakitafuta kujua wako wapi. Grant akaumwa mguu, akaachwa Karagwe miezi kadhaa. Bila wenyeji kuwaonyesha njia, vyombo vyote vile visingewafikisha popote.

Sasa hivi kaka yuko kazini. Wateja wawili waliokimbia hawajarudi, amepata mmoja, mtu wa kahawa, ambaye hajali kioo kimekwaruzika. Tarehe mosi ya kila mwezi wa tatu anapita stesheneri kubadilisha faili, ameandika kwa kalamu ya rangi kwenye tanki la pikipiki ili asisahau. Akitoka huko anapita kuuliza waendesha malori ya ndizi madaraja yapi yamekwenda, kwa sababu mvua haisubiri faili.

Klipu bado ipo mtandaoni na watazamaji wanaongezeka. Staa ameshabadilisha simu, alilalamika kwenye status kwamba kamera imekufa "ghafla tu". Wafuasi wake wakampa pole, wengine wakamchangia. Namba ya kaka ya kupokelea pesa ni ileile aliyomtumia ile nusu ya kwanza, haijabadilika.